Masizi ya Darini

Msomaji, kama umepata kuingia katika jiko la zamani la milima ya Taita, wajua jinsi dari yake ilivyokuwa. Juu ya mafiga matatu zilipangwa fito, na juu ya fito yakawekwa mahindi ya mbegu, ili moshi uyakaushe na kuyakinga na wadudu. Mimi nilizaliwa Mghange, mahali palipo juu katika milima hiyo, ambako asubuhi ukungu huingia nyumbani kama mgeni asiyepiga hodi. Jiko la mama yangu lilikuwa la namna hiyo, na humo ndimo nilimopata somo langu la kwanza juu ya kupima damu, ijapokuwa siku hiyo hapakuwa na mtu aliyetaja damu.

Nilikuwa na umri wa miaka kumi. Mama aliitwa Taveta kumwuguza mdogo wake, akakaa huko mwezi mzima. Kabla ya kuondoka aliziondoa fito tatu zilizooza, akatia mpya, nyeupe, zilizotoka kuambuliwa magome. Akaniagiza, "Mwanangu, koka moto kila asubuhi na kila jioni, mahindi yasiharibike." Siku mbili tatu nilitii. Baada ya hapo mchezo ukanishinda nguvu. Siku aliyotazamiwa kurudi niliamka alfajiri, nikakoka moto mkubwa, nikajaza majivu mekoni, nikasimama mlangoni kama mtumishi mwaminifu. Mama akaingia, akatazama mafiga, akatabasamu. Kisha akainua macho darini. Fito zile tatu zilikuwa nyeupe karibu kama alivyoziacha.

"Moto wa leo nauona mekoni," akasema. "Moto wa mwezi mzima uko wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilidhani kwamba somo lile nimelishika kwa maisha yangu yote. Walakini miaka hamsini baadaye, nikiwa mwalimu mstaafu mwenye mvi na wajukuu, niliirudia hila ile ile, na safari hii niliyemdanganya hakuwa mama yangu, bali nafsi yangu.

Nilikuwa nimeambiwa kwamba nina ugonjwa wa kisukari. Nilipewa vidonge, nikafundishwa namna ya kula na kutembea, nikaandikiwa siku ya kurudi kliniki kila baada ya miezi miwili. Msomaji, sikufichi. Kwa wiki saba nilikula nilivyozoea. Nilikunywa chai yenye sukari ya vijiko vitatu, nilikula ugali wa kutosha watu wawili, na vidonge nilivimeza siku niliyovikumbuka. Ilipobaki siku mbili kabla ya kliniki, niligeuka mtawa. Nilikula mboga na maharage machache, nikapanda na kushuka vilima kwa miguu, nikameza vidonge kwa saa zake. Asubuhi ya siku yenyewe nilifika bila kula, nikachomwa ncha ya kidole, na kile chombo kidogo kikaandika 6.1, au 6.4, au 5.9. Mwuguzi alinisifu mbele ya wenzangu. Nami nilizipokea sifa hizo kwa unyenyekevu, kama mtu anayezistahili.

Mchezo huo niliucheza miaka miwili. Mwishowe nyayo zangu zikaanza kufa ganzi, na usiku zikawaka kama nimekanyaga pilipili. Nilimweleza daktari mpya, kijana wa umri wa mwanangu wa mwisho. Alizipekua karatasi zangu, akaona tarakimu zote zimenyooka, akanyamaza kidogo. Kisha akasema kwa adabu, "Mwalimu, leo hatutapima sukari ya asubuhi ya leo tu. Tutapima na ya miezi mitatu iliyopita."

Nilicheka moyoni. Nani awezaye kuichota sukari iliyokwisha pita? Damu yangu ikachotwa mkononi, ikatiwa katika kichupa chenye dawa ya kuizuia isigande, ikapelekwa maabara. Jibu liliporudi lilikuwa asilimia 10. Daktari alichukua kalamu, akanionyesha kwamba asilimia 10 ni sawa na mtu ambaye sukari yake, mchana na usiku, kwa wastani ilikuwa karibu milimoli 13.4 katika kila lita ya damu, hali mtu mzima asiye na ugonjwa huu huwa na chini ya 6 asubuhi kabla hajala. Nilihisi ninasimama tena mlangoni mwa jiko la mama. Majivu yalikuwa mekoni, lakini yule kijana alikuwa ametazama darini.

Ngoja nikueleze kipimo hicho ni kitu gani, maana yamkini siku moja utakisoma kwa ajili ya mzazi wako, au kwa ajili yako mwenyewe.

Katika damu yako mna chembe nyekundu zisizohesabika. Ndani ya kila chembe mna himoglobini, nayo ndiyo inayobeba hewa safi kutoka mapafuni na kuipeleka kila mahali mwilini, na ndiyo inayoipa damu wekundu wake. Chembe hizo huogelea katika maji ya damu, na katika maji hayo imo sukari iitwayo glukosi. Himoglobini na glukosi zikutanapo, sukari huinata himoglobini polepole. Hakuna kimeng'enya kinachoiamuru ifanye hivyo. Hunata kwa kukutana tu, kama moshi unavyounata ufito. Mwanzoni yaweza kubanduka, lakini ikikaa kitambo haibanduki tena mpaka chembe ife. Sukari ikiwa nyingi, inayonata huwa nyingi; ikiwa kidogo, huwa kidogo. Himoglobini iliyonatwa hivyo huandikwa kwa kifupi HbA1c, na kipimo chake hutaja ni sehemu ngapi katika mia za himoglobini zilizokwisha kupatwa na sukari.

Kwa nini miezi mitatu? Kwa sababu chembe nyekundu huishi siku 120 hivi, kisha huvunjwa, na uboho wa mifupa huzaa nyingine. Kwa hiyo wakati wowote ule damu yako ni mchanganyiko wa wazee na vijana, wa fito zilizokaa moshini siku nyingi na fito zilizotiwa jana. Kila chembe iliyo hai leo imepitia siku za karibuni, bali chache tu ndizo zilizoziona siku za miezi minne iliyopita. Ndiyo sababu nusu ya kipimo hicho hutokana na mwezi wa mwisho, na nusu ya pili hutokana na miezi iliyoutangulia. Mtu aweza kufunga siku mbili, hata tatu, lakini hazitoshi kuipangusa miezi hiyo. Vile vile mgonjwa hana haja ya kwenda na njaa ili apimwe kwa njia hii, kwa sababu kifungua kinywa cha asubuhi moja hakiwezi kulibadilisha jibu.

Maarifa haya hayakuzuka kwa siku moja. Wataalamu walikwisha kuitenga himoglobini hii katika miaka ya 1950, lakini hawakujua inawahusu nani. Mwaka 1968, katika mji wa Tehran nchini Iran, tabibu aitwaye Samuel Rahbar alikuwa akichunguza damu za watu ili kuona namna mbalimbali za himoglobini. Katika damu ya wagonjwa wa kisukari aliona alama isiyo ya kawaida, akafuatia, akakuta kwamba si ya mmoja wala wawili. Mwaka 1976 wataalamu wa Marekani walionyesha kwamba alama hiyo hupanda na kushuka kwa kufuata sukari ya mgonjwa, kwa hiyo yafaa kuwa mwangalizi wake. Siku hizi mashine ni za namna nyingi. Baadhi yake huzipasua chembe, kisha huipitisha himoglobini katika bomba jembamba lililojaa punje ndogo mno. Punje hizo huishika himoglobini ya kawaida kwa nguvu zaidi, basi ile iliyonatwa na sukari hutangulia kutoka, na mwanga huihesabu. Nyingine hutumia kingamwili zinazoitambua mahali sukari iliponata.

Na tarakimu zake zasemaje? Kwa desturi ya madaktari wengi, chini ya 5.7 ni hali ya kawaida. Kutoka 5.7 mpaka 6.4 ni onyo kwamba mtu anaukaribia ugonjwa. Ikifika 6.5 au zaidi, ni kisukari. Na Shirika la Afya Duniani lilikubali mwaka 2011 kwamba kiasi hicho chatosha kuutambua ugonjwa. Hata hivyo mtu asiye na dalili yoyote hupimwa mara ya pili kabla hajapewa jina la mgonjwa. Aliyekwisha kuugua aghalabu huwekewa shabaha ya 7 au karibu yake, ambayo ni sawa na wastani wa milimoli 8.6. Mzee dhaifu, ambaye sukari ikishuka mno aweza kuzirai na kuvunjika nyonga, huruhusiwa shabaha ya juu zaidi. Wala mtu asishangilie kutoka 7.4 kwenda 7.2, maana tofauti ndogo kama hiyo yaweza kuwa ya kipimo chenyewe, si ya mwenendo wake.

Huenda ukauliza, je, yafaa mtu kujihangaisha kwa ajili ya tarakimu? Jibu lilipatikana mwaka 1993. Katika Marekani na Kanada watu 1,441 wenye kisukari cha kutegemea insulini walifuatwa kwa miaka mingi. Nusu yao walitunzwa kwa desturi ya zamani, kipimo chao kikawa karibu 9. Nusu ya pili walitunzwa kwa uangalifu mkubwa, kikawa karibu 7. Katika kundi la pili ugonjwa wa macho uliowapata wale ambao macho yao yalikuwa mazima ulipungua kwa asilimia 76, na madhara ya figo na ya mishipa ya fahamu yalipungua pia. Baina ya 9 na 7 mlikuwa na macho ya watu. Nilipoyasikia hayo nikazitazama nyayo zangu, nikajua nilichokinunua kwa vijiko vyangu vitatu vya sukari.

Basi nikaongoka. Niliacha sukari katika chai, nikapunguza ugali, nikavifuata vidonge kama nilivyokuwa nikiifuata kengele ya shule. Baada ya miezi sita asilimia 10 ikawa 7.3. Na kama ilivyo desturi ya waongofu wapya, nikawa mhubiri. Kanisani, dukani na ndani ya matatu ya kwenda Wundanyi, nilimhubiria kila mtu juu ya kipimo cha miezi mitatu. Nilisema kwamba kipimo hiki hakidanganyiki. Laiti ningaliishia kuhubiri.

Nina dada mkubwa aliyeolewa Taveta. Yeye naye alikuwa na kisukari, akimeza vidonge kwa uaminifu kuliko mimi. Mwaka mmoja mvua zilipokuwa nyingi alishikwa na malaria kali, damu yake ikapungua mno, akalazwa hospitalini na kuongezewa damu mara mbili. Alipopata nafuu alinipigia simu, nikamshauri apime HbA1c. Alipima wiki sita baada ya kutoka hospitalini, akanisomea jibu kwa simu. Lilikuwa asilimia 5.8.

Nilipiga kelele za furaha. Dada akaniambia, "Lakini, ndugu yangu, nina kiu, na usiku naamka mara nne kwenda haja." Nami nikamjibu, Mungu anisamehe, "Dada, kiu ni joto la Taveta. Karatasi haisemi uongo. Wewe ni mzima kuliko mimi."

Hapakuwa na mtu mwingine aliyeisoma karatasi ile kwa makini. Dada alimwamini mdogo wake aliyekuwa mwalimu, akaviweka vidonge vyake kabatini. Baada ya miezi miwili alikanyaga mwiba shambani, naye hakuusikia. Kidonda kikaoza. Alipofikishwa hospitali nyingine sukari yake ilikuwa 24. Walimwokoa uhai wake, lakini kidole kimoja cha mguu hawakuweza kukiokoa.

Nilishuka kutoka Mghange nikaenda kumwona. Njiani, tangu Mwatate mpaka Taveta, nilikuwa na swali moja tu: karatasi ile ilikosaje? Mganga aliyekuwa akimtunza alisikiliza hadithi nzima, kisha akauliza jambo ambalo mimi, pamoja na mahubiri yangu yote, sikuliuliza hata mara moja. "Aliongezewa damu lini?"

Hapo nikazikumbuka fito tatu nyeupe za mama.

Fikiri nami, msomaji. Masizi huonyesha moshi wa miezi mitatu ikiwa tu fito zimekaa miezi mitatu. Mtu akizing'oa fito za zamani na kutia mpya wiki sita zilizopita, dari itaonekana safi, hata kama jiko limefuka moshi usiku na mchana. Malaria ilikuwa imezivunja chembe nyingi za dada yangu kabla ya umri wake. Uboho wake, kwa kujitahidi kulipa deni, ulizaa chembe changa ambazo hazijakaa na sukari. Na damu aliyoongezewa ilitoka kwa watu ambao yamkini hawana ugonjwa huu. Kipimo kilihesabu kwa haki kilichokuwamo. Lakini kilichokuwamo hakikuwa historia ya dada yangu peke yake. Mashine haikusema uongo. Aliyesema uongo ni mimi, nilipoiambia dada yangu maana ambayo jibu lile halikuwa nayo.

Palikuwa na jambo la pili. Walipoichunguza zaidi damu yake walikuta kwamba amerithi himoglobini ya selimundu kutoka kwa mzazi mmoja. Yeye si mgonjwa wa selimundu, maana mgonjwa huirithi kwa wazazi wote wawili. Ni mbebaji tu, na huenda asingalijua mpaka kufa kwake. Nami nilipimwa, nikakutwa sina. Tumetoka katika tumbo moja, lakini damu zetu si sawa.

Jambo hili lina historia katika nchi yetu. Mwaka 1949 kijana aitwaye Anthony Allison, aliyekulia Kenya na kusoma Oxford, alizunguka akipima damu za watu. Aliona kwamba karibu na pwani na karibu na ziwa Victoria, watu zaidi ya 20 katika kila 100 walikuwa wabebaji wa selimundu, na katika nyanda za juu hawakufika hata mmoja katika 100. Mwaka 1954 akaeleza sababu yake: mbebaji hukingwa kwa kiasi na malaria, basi palipo na malaria nyingi, ubebaji huo ulidumu kutoka kizazi hata kizazi. Katika wilaya yetu, Taveta ilijulikana sana kwa malaria, hata katika miaka ya 1950 ukaanzishwa mradi wa malaria wa Pare na Taveta, nyumba zikanyunyiziwa dawa ya kuua mbu. Waliohusika waliona kwamba mbu walipopungua, himoglobini katika damu ya wenyeji iliongezeka. Hivyo ardhi tunayoikaa huandika habari zake katika damu yetu. Kutoka kilele cha Vuria, kilichopita mita 2,200, hata nyika za Voi na Taveta ni safari ya siku moja kwa gari, lakini kwa damu ni safari ya karne nyingi, na watu wa juu na wa chini wameoana siku zote.

Ubebaji huo wahusikaje na kipimo cha sukari? Kwa njia mbili. Kwanza, mashine nyingine huchanganyikiwa zikutanapo na himoglobini ngeni, na nyingine hazichanganyikiwi. Ni wajibu wa maabara kujua mashine yake ni ya kundi gani. Pili, uchunguzi uliotangazwa mwaka 2017 juu ya Wamarekani wenye asili ya Afrika ulionyesha kwamba kwa sukari ile ile, wabebaji wa selimundu walipata kipimo cha chini kwa karibu 0.3 kuliko wasio wabebaji. Yaonekana kuwa kidogo, lakini hukaa papo hapo palipo na mpaka baina ya mzima na mgonjwa. Mwaka huo huo wataalamu wengine walionyesha kwamba watu waliorithi upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, ambao nao umeenea katika nchi za malaria, hupata kipimo cha chini kuliko sukari yao ilivyo kweli.

Basi mambo yanayofupisha maisha ya chembe, au yanayoleta chembe changa kwa wingi, hukishusha kipimo: kutokwa na damu nyingi, malaria inayovunja chembe, ugonjwa wa selimundu wenyewe, kuongezewa damu, na hata kuanza kutibiwa upungufu wa damu. Upungufu wa madini ya chuma, kabla haujatibiwa, hufanya kinyume chake. Chembe mpya huwa chache, za zamani hukaa, na kipimo hupanda bila sukari kupanda. Figo zikiharibika, au mwanamke akiwa na mimba, kipimo hakina budi kusomwa kwa tahadhari. Na mtoto aliyeshikwa na kiu na kukonda kwa siku chache asingojewe kipimo cha miezi mitatu hata kidogo. Apimwe sukari ya saa ile ile, maana ugonjwa wake wakimbia, na masizi hayajawahi kujikusanya.

Lipo na jambo lingine ambalo hata damu iliyo salama hulificha. Kipimo hiki ni wastani. Watu wawili waweza kupata 7 sawasawa. Mmoja sukari yake imetulia, na wa pili yapanda usiku na kushuka mchana mpaka atetemeke. Mkulima wa Voi anajua habari hiyo. Wastani wa mvua ya mwaka waweza kuwa mzuri katika kitabu, na mahindi yake yakafa kwa sababu mvua yote ilinyesha kwa wiki mbili. Kwa hiyo mwenye busara hulitazama dari, na meko pia hulitazama. Hupima asubuhi, hupima baada ya kula, huandika, kisha hulinganisha na kile cha miezi mitatu. Viwili vikipatana, huvikubali. Visipopatana, hauchagui kile kinachompendeza, bali huuliza sababu. Na ikiwa chembe nyekundu haziaminiki, zipo njia nyingine, kama kupima protini za maji ya damu zilizonatwa na sukari, ambazo hueleza habari za wiki mbili au tatu zilizopita.

Dada yangu siku hizi hupima kidole chake nyumbani, tarakimu huziandika katika daftari la shule la mjukuu wake. Kila juma hunisomea kwa simu. Mara ya kwanza aliponisomea nilitaka kumwomba radhi, nikaanza maneno marefu. Alinikatiza. "Ndugu yangu," akasema, "kidole hakirudi. Wewe nisikilize tu nikisema nina kiu."

Neno hilo nimelikumbuka kuliko yote niliyoambiwa na waganga. Dada yangu alikuwa amekwisha kunipa jibu siku ile ya kwanza. Aliniambia ana kiu, aliniambia anaamka usiku. Nami niliisikiliza karatasi, nikaacha kumsikiliza mtu aliyeishika. Nilipokuwa mgonjwa mimi, tarakimu nzuri ilinificha. Alipokuwa mgonjwa yeye, tarakimu nzuri ilimficha. Kipimo kilichonifichua mimi ndicho kilichomficha yeye, kwa sababu damu zetu hazikuwa na historia moja.

Wewe unayesoma haya ni kijana, na huenda wazee wa nyumbani kwenu wanakutegemea kwa sababu umekwenda shule. Watakupa karatasi ya hospitali, watakuuliza, "Yasemaje?" Usione haya kusema hujui, wala usifanye haraka kusema "nzuri" kwa sababu umeona tarakimu ndogo. Muulize kwanza mwenye karatasi: anajisikiaje? Je, aliugua malaria karibuni? Aliongezewa damu? Ana upungufu wa damu? Katika ukoo kuna selimundu? Kisha mpeleke, pamoja na majibu yake, kwa daktari au mwuguzi, na asiache dawa mpaka aambiwe na aliyempa. Na kama utakuwa wewe ndiye mwuguzi au mtaalamu wa maabara, usimsifu mwalimu mzee kwa asubuhi moja tu.

Jiko la mama halipo tena. Mahali pake pana nyumba ya mabati, na watu hupikia gesi isiyo na moshi mwingi. Nimehifadhi ufito mmoja wa dari ile, mweusi unaong'aa, nao nimeuegemeza ukutani juu ya kabati la dawa zangu. Wageni huniuliza ni fimbo ya nini. Kabla sijawajibu, huwauliza wao kwanza wanajionaje na hali.